Seva pepe si anasa ya mabenki ya Nairobi

Leo nataka tuzungumze kuhusu seva pepe. Wale ambao si watu wa kompyuta tafadhali msikimbie, kwa sababu jambo hili linawahusu wenye maduka, zahanati na sacco kuliko linavyotuhusu sisi waandika programu.

Kila nikilitaja kwa mwenye biashara hapa Isiolo, jibu ni lile lile: hayo ni mambo ya mabenki, hayo ni ya Nairobi. Mimi nasema ni kinyume kabisa. Benki ya Nairobi ikiharibikiwa na seva ina mafundi wake ghorofa ya chini, ina mkataba na muuzaji, na duka la vipuri liko mtaa wa pili. Mwenye duka la jumla wa hapa yuko kilomita karibu 280 kutoka Luthuli Avenue. Kipuri kikipatikana leo kinapandishwa gari jioni na kufika kesho, tena ikiwa kimepatikana. Sasa kati ya hao wawili, ni nani anayehitaji zaidi seva inayoweza kufufuka juu ya kompyuta yoyote iliyo karibu?

Tuanze na jina. "Pepe" ni ile ile ya barua pepe. Barua pepe ni barua isiyo na karatasi. Seva pepe ni seva isiyo na chuma chake yenyewe. Ina prosesa, memori, diski na kadi ya mtandao, lakini vyote vimeigizwa na programu. Programu inayofanya uigizaji huo huitwa haipavaiza. Hiyo ndiyo inayokaa juu ya chuma halisi, na juu yake unaweza kuweka seva pepe moja, tatu au kumi, kadiri memori yako inavyoruhusu. Mfano ninaopenda kuwapa watu ni ploti ya nyumba za kupangisha. Kiwanja ni kimoja, mita ya stima ni moja, tangi la maji ni moja, lakini kila mpangaji ana mlango wake na kufuli lake, na mmoja akiunguza ugali wa jirani hauungui. Mwenye ploti ndiye haipavaiza. Windows iliyo ndani ya seva pepe ya kwanza haijui kwamba jirani yake ni Linux, wala haina haja ya kujua.

Na diski ya seva pepe ni nini? Ni faili. Faili kubwa, ya gigabaiti 80 au 200, lakini ni faili tu, na unaweza kuinakili kama unavyonakili picha za harusi. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Watu hudhani hii ni teknolojia ya juzi. IBM walikuwa nayo katikati ya miaka ya 1960 kwenye kituo chao cha Cambridge, Massachusetts, na mwaka 1972 wakatangaza VM/370 kwa wateja wao. Sababu yao ilikuwa rahisi: mashine moja iligharimu pesa nyingi mno na watu wa kuitumia walikuwa wengi, kwa hiyo kila mmoja apewe mashine yake ya kuigizwa. Kompyuta ndogo zilipokuja na bei kushuka, wazo hilo likawekwa kando. Isitoshe, prosesa za Intel tunazotumia mezani hazikuundwa kwa kazi hiyo. Zilikuwa na amri ambazo hazikukubali kuigizwa vizuri. VMware, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, ikapata njia ya kuzitafsiri amri hizo papo kwa papo, programu ikiwa inaendelea na kazi. Mwaka 2003 ikaja Xen kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge (hii sasa ni Cambridge ya Uingereza, msichanganye). Halafu Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 wakaingiza msaada wa uigizaji ndani ya prosesa zenyewe, na Februari 2007 KVM ikaingia katika Linux 2.6.20. Kuanzia hapo haipavaiza nzuri ikawa kitu cha bure.

Nimewachosha na historia kwa sababu ya ile miaka miwili, 2005 na 2006. Kompyuta za ex-UK zinazouzwa madukani leo ni changa kuliko hapo, kwa hiyo karibu zote zina uwezo huu tayari. Mara nyingi umezimwa tu kwenye BIOS. Unaingia, unatafuta palipoandikwa VT-x au SVM, unawasha, basi. Hakuna anayelazimika kununua seva ya bei ya gari ili aanze.

Ukisoma vipeperushi vya wauzaji, faida ya kwanza wanayoitaja ni kupunguza idadi ya mashine: ulikuwa na seva 20, sasa unazo 3, umeokoa nafasi, stima na viyoyozi. Ni kweli, na hata kwa mtu mdogo hesabu ipo. Tuseme una kompyuta tatu zinazowaka usiku na mchana, kila moja ikila wati 100. Hizo ni uniti 7.2 kwa siku, uniti 216 kwa siku 30. Mashine moja yenye memori ya kutosha, ikila wati 150, inakula uniti 108 kwa mwezi. Zidisha tofauti hiyo kwa bei unayoiona kwenye tokeni zako. Na ukitaka kujua kama kompyuta zako kweli zinafanya kazi, fungua Task Manager saa tano asubuhi, dukani kukiwa kumejaa watu, uangalie prosesa inatumika kwa kiasi gani. Mara nyingi utaikuta imelala fofofo.

Lakini mimi sipendi kuanza na stima, kwa sababu mwenye duka ananijibu kwamba ana kompyuta moja tu ya hesabu, apunguze nini? Na yuko sahihi. Kwake yeye faida iko kwingine.

Nitoe kisa cha kweli, bila majina. Kuna mzee mmoja mwenye duka la jumla hapa mjini. Anauza unga, sukari, mchele na mafuta, na wateja wake wengi ni wenye maduka madogo wa huko Merti, Garbatulla na kando ya barabara ya Moyale. Wengi wao huchukua kwa mkopo na kulipa mnyama akiuzwa au mwezi ukiisha. Daftari la zamani lilishaachwa. Madeni yote yalikuwa ndani ya programu ya hesabu kwenye kompyuta moja ya mezani iliyofanywa seva. Siku moja stima ilipotea, na ilipodondoka tena ilidondoka kwa kishindo. Madabodi ikaungua. Diski haikuguswa.

Aliponiita nilimwambia habari njema kwanza. "Hajji, diski ni nzima. Data yote ipo."

"Kama ipo, kijana, mbona siioni?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Data ilikuwepo na hakuna aliyeiona. Tulichomeka diski kwenye kompyuta nyingine na Windows ikagoma kuamka, kwa sababu ilisakinishwa ikizoea chuma kingine. Kusakinisha upya kulihitaji CD ya ile programu, na aliyemuuzia alikuwa hashiki simu. Huku nje wateja wanakuja kulipa. Mmoja anasema anadaiwa elfu 40, mzee anakumbuka ni kama elfu 60, na wote wawili ni watu wa heshima wasiotaka kugombana. Biashara ya mkopo inasimama juu ya kuaminiana, na kuaminiana huko kunasimama juu ya mahali pamoja palipoandikwa kitu ambacho wote wanakikubali. Mzee hakuwa akihofia bei ya madabodi. Alikuwa akihofia kumwambia mtu wa Merti namba isiyo sahihi.

Tulichofanya ni kuinakili ile diski yote, neno kwa neno, ikawa faili. Halafu faili hiyo tukaipa haipavaiza kwenye kompyuta ya ex-UK iliyokuwa ofisini kwangu, tukaiambia: hii ni diski, igiza kompyuta kuizunguka. Windows iliamka. Ililalamika kidogo kuhusu leseni, lakini programu ya hesabu ikafunguka na madeni yakaonekana hadi risiti ya mwisho ya kabla stima haijapotea. (Leseni ya Windows tuliishughulikia baadaye. Nitarudi kwenye jambo hilo, maana watu hudhani seva pepe inafuta leseni.)

Kwa nini iliamka pale na ikagoma kwenye chuma kingine? Kwa sababu haipavaiza huigiza vifaa vya kawaida mno, vya zamani, ambavyo kila Windows inavijua kutoka tumboni. QEMU, programu inayoshirikiana na KVM kuigiza vifaa, kwa kawaida huigiza madabodi ya Intel 440FX, na hiyo ni ya mwaka 1996! Wengine hucheka wakisikia hivyo. Mimi naona hapo ndipo penye siri yote. Ukishaihamishia seva yako ndani ya haipavaiza, itaona madabodi ile ile ya 1996 leo, kesho na mwaka kesho, hata kama chini yake umeweka Dell, HP au kompyuta ya kuunganishwa na fundi wa mtaani. Chuma cha chini kikiungua unaleta kingine chochote, na seva pepe haitagundua kuwa imehama. Kitu kilichokuwa kinaifunga biashara yako na madabodi fulani kimekatwa.

Hapo sasa ndipo umbali wa Isiolo unapopungua. Huhitaji tena kipuri kile kile kutoka Nairobi. Unahitaji kompyuta nyingine nzima, na hiyo unaweza kuwa nayo tayari chini ya meza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa biashara ya ukubwa huo ni huu: badala ya kununua seva moja mpya ya bei kubwa, nunua mashine mbili za mtumba zinazofanana, kila moja na memori ya gigabaiti 32 na diski mbili za SSD. Mimi hutumia Proxmox, inayotengenezwa Vienna, Austria, na iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2008. Ndani yake ni Linux na KVM. Ukiziunganisha hizo mbili na kutumia mfumo wa faili wa ZFS, ya kwanza itakuwa inaipelekea ya pili mabadiliko ya diski kila baada ya muda, kwa kawaida kila dakika 15. Ya kwanza ikiungua saa nne asubuhi, unaiwasha seva pepe kwenye ya pili na unaendelea. Utakuwa umepoteza robo saa ya risiti, ambazo unazo kwenye karatasi. Kuna jambo dogo la kiufundi: mashine mbili haziwezi kupiga kura zikakubaliana ni nani aliyekufa, kwa hiyo huongezwa kifaa kidogo cha tatu cha kupiga kura tu, hata Raspberry Pi inatosha. Fundi wako asipolijua hilo, seva ya pili itakataa kuwasha chochote ile ya kwanza ikizimika, na mtalaumu bure.

Ndani ya hizo gigabaiti 32 unapanga wapangaji wako. Programu ya hesabu ipate 8. Faili za ofisi na skani za hati zikae kwenye Linux yenye 4. Halafu kuna eTIMS. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki na KRA katika hesabu ya kodi ya mapato, kwa hiyo wateja wenye maduka wanaidai ankara hiyo kutoka kwa muuzaji wa jumla. Wanaotoa ankara nyingi kwa mfumo wao wenyewe huunganishwa kupitia VSCU, kipande cha programu kinachokaa kwenye mashine ya mfanyabiashara. Nimeona watu wakikisakinisha pamoja na programu ya hesabu, kwenye Windows hiyo hiyo moja, halafu sasisho la kimoja linakivuruga kingine na ankara zinasimama mchana kutwa. Kipe seva pepe yake. Gigabaiti 2 au 4, mlango wake, kufuli lake.

Kuna faida nyingine inayonigusa mimi kama mwandika programu. Mteja akitaka toleo jipya la mfumo wake, naweza kuinakili seva pepe yake yote, nikaiwasha nakala kwenye mtandao uliofungwa, na kujaribu toleo jipya juu ya data yake halisi, huku ile ya kweli ikiendelea kuuza. Likivunjika, limevunjika kwenye nakala. Na siku ya kulisakinisha kweli, napiga kwanza snapshoti, yaani naiambia haipavaiza ikumbuke hali ya diski ilivyo sekunde hii. Mambo yakienda kombo narudi hapo kwa dakika moja. Kabla ya hapo tulikuwa tunasasisha usiku tukiomba dua. (Nakala yenye majina na madeni ya watu bado ni data ya watu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haisemi kuwa nakala ya majaribio imesamehewa. Ikishatumika, ifutwe. Kwa zahanati hili ni zito mara kumi.)

Snapshoti si nakala ya akiba! Naandika hivi kwa herufi za kawaida lakini nisomeni kama nimepiga kelele. Snapshoti inakaa kwenye diski ile ile. Diski ikifa zimekufa zote. Hata ile mashine ya pili si nakala ya akiba, kwa sababu karani akifuta faili kwa bahati mbaya, ndani ya dakika 15 kufutwa huko kumeshafika upande wa pili. Nakala ya akiba ni ile iliyo mahali pengine na yenye tarehe tofauti: ya jana, ya juma lililopita, ya mwezi uliopita. Proxmox Backup Server, iliyotoka mwaka 2020, hutuma vipande vilivyobadilika tu, kwa hiyo usiku mmoja wa duka la jumla ni mzigo mdogo ambao unaweza kupita hata kwenye intaneti ya kawaida kwenda kwenye kompyuta ya nyumbani kwa ndugu yako Bula Pesa, ikiwa imesimbwa.

Sasa najua kuna wadau wameshakunja ndita wakisema: mbona usiwapeleke wote kwenye wingu? Kwanza tukumbuke wingu lenyewe ni nini. Amazon walipofungua EC2 mwaka 2006, walichokuwa wanakodisha ni seva pepe juu ya Xen. Ni ploti ile ile, ila mwenye ploti ni tajiri na anaishi mbali. Sina ugomvi na wingu. Tovuti yako iende huko, barua pepe iende huko, na kama una matawi matatu katika miji mitatu huenda hata hesabu ziende huko. Lakini kaunta ya duka iwe na uwezo wa kuuza intaneti ikiwa haipo. Vituo vikubwa vya karibu vya Amazon na Microsoft barani viko Cape Town na Johannesburg, na Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini karibu na Afrika Kusini, Kenya, Tanzania na Uganda zote zilionja intaneti ya kobe. Hata M-Pesa, ambayo tunaiona ni yetu kama ugali, seva zake zilikuwa Ujerumani mpaka mwaka 2015 zilipohamishiwa nyumbani. Umbali una gharama, na wenye wingu wengi hulipisha kwa dola. Na uzuri ni kwamba seva pepe haikufungi. Ukianza nayo hapa Isiolo, siku ukiamua kwenda wingu unahama na faili.

Pingamizi ambalo mimi naliheshimu zaidi ni la mayai yote kikapu kimoja. Zamani kompyuta moja ikifa, kilikufa kitu kimoja. Sasa haipavaiza ikifa, vinakufa vinne kwa mpigo. Ni kweli, na ndiyo maana nakataa kumwekea mtu haipavaiza kwenye mashine moja tu bila ya pili. Vilevile anayeiteka haipavaiza amewateka wapangaji wote. Februari 2023 kirusi cha kudai fidia kilichoitwa ESXiArgs kilifunga maelfu ya seva za VMware duniani kupitia tundu ambalo kiraka chake kilitolewa Februari 2021, miaka miwili kabla! Wengi wa waliopigwa walikuwa wameacha haipavaiza yao wazi kwenye intaneti. Ukurasa wa kusimamia haipavaiza usionekane kabisa kutoka nje. Kwa fundi wa mbali kuna VPN.

Na stima. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilizimika, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani, na Desemba 10 mwaka huo huo ikazimika tena. Hizo ni zile zilizofika kwenye magazeti. Zetu za kila juma hazifiki. Haipavaiza bila UPS ni kucheza kamari. Na UPS yenyewe iwe ya aina inayoongea na mashine kwa waya, ili betri ikikaribia kuisha iamrishe seva pepe zijizime moja moja kwa adabu kabla giza halijaingia. Mkiwa hapo, safisheni vumbi. Joto la hapa na vumbi lake vinaua mashine nyingi kuliko virusi.

Kuhusu kuchagua haipavaiza, mambo yamebadilika. Kwa miaka mingi VMware ndilo lilikuwa jibu la kila mtu, na hata toleo lake la bure lilitosha wadogo. Novemba 2023 Broadcom ikamaliza kuinunua kwa dola bilioni 69. Mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu, sasa unalipia kila kipindi. Februari 2024 ESXi ya bure ikaondolewa. Aprili 2025 ikarudishwa. Labda itabaki, labda haitabaki. Mimi siwezi kumjengea mzee wa duka msingi ambao mtu wa California anaweza kuuvuta na kuurudisha anavyopenda. Bidhaa ilikuwa nzuri, sikatai, na watu waliijenga kwa akili nyingi. Ila kwa biashara ndogo chagua kilicho huru. Ukiwa mtu wa Windows pekee, Hyper-V imo tayari ndani ya Windows Pro, na inatosha kujifunzia.

Leseni sasa. Kuigiza mashine hakukupi leseni ya bure. Windows iliyokuja na kompyuta dukani kwa kawaida imefungwa na kompyuta hiyo. Ukiihamishia kwenye seva pepe unapaswa kununua nyingine. Windows Server Standard, ukishalipia chuma chako kikamilifu, inaruhusu seva pepe mbili za Windows juu yake. Hesabu hilo kabla hujapanga wapangaji, na kinachoweza kukaa Linux kikae Linux.

Kuna pia wanaong'ang'ania programu ya mwaka 2003 ambayo inaamka kwenye Windows XP peke yake, na Microsoft iliacha kuihudumia XP Aprili 8, 2014. Watu hao hawajachanganyikiwa. Rekodi zao za miaka kumi ziko humo. Iweke kwenye seva pepe isiyo na kadi ya mtandao kabisa. Itaishi humo kama mzee aliyestaafu, unaifungua ukitaka kumuuliza jambo la zamani.

Si kila mtu anahitaji haya. Kama una laptopu moja na biashara yako yote inaingia kwenye karatasi tatu za Excel, nunua diski mbili za nje, nakili kila jioni, moja ipeleke nyumbani. Umemaliza. Lakini ikiwa watu wawili au zaidi wanaingiza data kwenye mashine moja, na ukiwa nje ya hesabu zako siku mbili kuna mtu utashindwa kumtazama usoni, umeshafika mahali pa seva pepe.

Ukimpata fundi wa kukuwekea, usimuulize ni gigabaiti ngapi. Muulize: hii ikifa saa nne asubuhi, nitatoa risiti tena saa ngapi? Kisha mwambie akuonyeshe, kwa kuchomoa waya wa stima wa mashine ya kwanza mbele yako, siku ya Jumamosi jioni duka likiwa limefungwa. Baada ya hapo, mara moja kwa mwezi nakala ya akiba ifunguliwe kwenye mtandao uliofungwa na mtu wa hesabu, si fundi, aitafute risiti ya mwisho ya jana yake. Nenosiri la haipavaiza liandikwe kwenye karatasi pamoja na lile la kufungulia nakala zilizosimbwa, karatasi itiwe kwenye bahasha, na bahasha ikae kwenye sefu pamoja na logbook ya lori. Fundi ni binadamu, anaweza kuhamia Nairobi au Doha, na wewe utabaki hapa na mashine mbili zinazofanya kazi vizuri ambazo huna njia ya kuingia.